Mlazeni Kwanza, Ndipo Mchague Kishikio

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya Seven Hills nilikabidhiwa ufagio na sumaku. Ufagio niliujua. Sumaku ilikuwa na mpini mrefu na magurudumu mawili, na kazi yake ilikuwa kuokota vipande vya chuma ambavyo ufagio unaviruka. Mzee Len, mwenye karakana, aliniambia jambo moja tu kabla hajarudi kwenye mashine yake: "Ukiona bunduki mezani, usiiguse. Na ukiniona mimi nimeishika bila kuifungua kwanza kuangalia kama ina risasi, nichape na huo ufagio." Wenzangu walicheka wakidhani anatania. Hakuwa anatania, na mimi nilikuwa tayari.

Bahati ameniomba niandike haya kwa ajili yenu mliobaki karakanani. Nimesoma hadi darasa la nne, Ujiji, kwa hiyo atakayetafuta koma akatafute kwingine. Vyeo sitaandika, maana karakana ya watu wanne haina cheo, ina birika la chai na zamu ya kuliosha, na wengine wenu zamu hiyo mnaikwepa, nawajua.

Nilikuja Sydney kulea wajukuu. Mwanangu anakaa Penrith, nyumba ina ua mkubwa na nyasi ambazo hakuna mbuzi wa kuzila. Wajukuu walipoanza shule wote, nyumba ikawa kimya tangu asubuhi hadi alasiri, nami sikuzaliwa kukaa nikitazama nyasi. Nikatafuta kazi ya usafi. Nikapanda treni, nikashuka Seven Hills, nikatembea hadi kwenye yale mabohari nyuma ya stesheni, nikaingia mlango uliokuwa wazi.

Dada yangu Kigoma aliposikia kazi yenyewe, alipiga simu akiwa analia. "Mwajuma! Umekwenda Ulaya kulea wajukuu, umeishia kwa majambazi?"

Nikamwambia kwanza hapa si Ulaya. Pili, bunduki zetu si za majambazi wala za vita. Ni za watu wa klabu, wenye leseni, wanaolala kifudifudi na kutoboa karatasi iliyo mbali kuliko macho yako yanavyofika. Unaweka risasi moja, unafyatua, unafungua bolti, lile komeo la chumba cha risasi, unaweka nyingine. Mwenye haraka akatafute mchezo mwingine.

"Sasa wakishaitoboa hiyo karatasi wanapata nini?"

"Wanajua wameitoboa wapi."

Akakata simu. Mpaka leo haamini.

Miezi ilipita nikifagia. Kisha nikamwendea Len nikamwambia kufagia vumbi la wenzangu kumenichosha, nataka kutoa vumbi langu mwenyewe. Alinitazama, akanipa kitako cha mbao na msasa. Kitako ni ile sehemu ya bunduki unayoiegemeza begani. Akasema nisugue kufuata nyuzi za mbao, na nikidhani nimemaliza nifumbe macho nipitishe mgongo wa kidole, si ncha. Ncha imekomaa kwa kuosha vyombo, haisikii kitu. Mgongo wa kidole ni kama shavu la mtoto, unasikia kila kitu. Nilisugua kile kitako mpaka chai ikapoa, nikapewa kingine.

Leseni ilibidi niipate kabla ya kugusa zaidi ya mbao. Sheria ya huku haina mchezo, na ni vizuri isiwe na mchezo. Nilijisomea na mjukuu wangu wa kike. Yeye aliuliza kwa Kiingereza, mimi nilijibu kwa Kiswahili, kisha kila mmoja akamsahihisha mwenzake. Nilipofaulu aliniambia, "Bibi, you're kind of cool." Nikamwambia aoshe vyombo.

Sasa nije kwenye kishikio, maana ndicho mnachouliza kila siku.

Kishikio cha mbele ni lile ganda linalozunguka mtutu, mahali mkono wa kushoto unapobeba bunduki. Bunduki ikifyatuka, mtutu unatetemeka kama kengele iliyogongwa. Ukiishika kengele, haitoi sauti yake. Na mtutu ukiguswa na kitu, hautetemeki vile ulivyotetemeka jana, na risasi haiendi ilikokwenda jana. Kwa hiyo mlengaji wa kweli anataka kishikio kilichofungwa kwa nyuma tu, kwenye mwili wa bunduki, na kuanzia hapo hadi mbele kielee. Kiuzunguke mtutu bila kuugusa popote. Bunduki nyingi hazitoki kiwandani hivyo, ndiyo maana watu wanakuja kwetu kununua kishikio kingine.

Len alinifundisha kupima kwa kipande cha karatasi. Unakipitisha kati ya mtutu na kishikio, kutoka mbele hadi nyuma, na kisikwame. Yeye alitumia karatasi yoyote iliyokuwa karibu, hata bahasha ya bili ya umeme. Mimi nilileta karatasi ya kuokea keki, ile isiyoshika mafuta, nikaikata vipande vyembamba. Inateleza vizuri na haichaniki. Kwenye droo ya pili bado imo, na si ya kufungia sambusa.

Kazi ile niliielewa upesi kwa sababu ya baba yangu. Alikuwa fundi baiskeli pale Ujiji. Baiskeli ikipinduliwa matairi juu, gurudumu lolote linazunguka vizuri, na fundi mvivu anachukua pesa yake hapo hapo. Baba hakukubali. Alimwambia mwenye baiskeli, "Panda. Na gunia lako la mkaa upandishe." Ndipo gurudumu lililokuwa likicheka linaanza kusugua uma, kwii, kwii, kwii. Baba alisema chombo hakipimwi kikiwa kinapumzika. Nilikuwa mtoto, nililisikia neno hilo mara nyingi mpaka nikalichoka. Sikujua nitalihitaji tena nikiwa na mvi, upande wa pili wa dunia.

Mbao zilipoanza kuachwa, vishikio vya alumini na vya nyuzi za kaboni vikajaa kwenye rafu zetu. Wateja nao wakaanza kuchagua kwa macho. Alikuja mwanamume mmoja mnene, mpole, akataka kishikio chenye matundu na reli za kufungia vifaa kila upande.

"Baba, hapa utafunga nini?" nilimuuliza.

"Bado sijajua."

"Na hapa?"

"Pia bado."

"Basi unanunua misumari ya kutundikia nguo usizo nazo."

Len aliingia chini ya meza akijifanya anatafuta bisibisi. Yule baba alichukua kilicho laini, kisicho na reli ila moja chini, na kila mwaka mpya alituletea biskuti.

Nitawaambia ninavyochagua, mkitaka mkubali, msipotaka subirini mjionee. Kwanza natazama kinavyofungwa. Kama kinashikwa na skrubu mbili ndogo kama hereni, nakirudisha kwenye boksi. Nataka kishike mwili wa bunduki kwa upana, pale mtutu unapoanzia, kama mkono unavyoshika mchi. Halafu nafasi ya ndani, maana mitutu ya mashindano ni minene, na kishikio chembamba juu ya mtutu mnene ni kiatu cha mdogo wako. Kingo nazipitishia mgongo wa kidole. Zile zilizokatwa kwa mashine na kuachwa zinakata ngozi, na mtu anayejikunja kwa maumivu halengi. Urefu mimi nauacha mwisho, na ndio wateja wanaouanza. Wote wanataka kirefu. Sijui kwa nini wanaume wote wanataka kirefu, na nikisema hivyo Bahati anacheka mpaka inabidi azime mashine.

Bahati wengi wenu mnamjua, ila kwa atakayekuja baadaye: ni mwanamke wa Uvira, alifika Australia kama mkimbizi, akafanya kazi kwenye bohari, nikakutana naye kwenye behewa la treni akiongea na simu kwa Kiswahili chake cha Kongo. Nilimleta mimi. Mashine ya kukereza chuma aliijua kwa muda mfupi kuliko nilioutumia mimi kuijua njia ya chooni. Tulikuwa tunabishana Kiswahili. Yeye akisema "hii kitu iko murefu," mimi nasema "ni kirefu," yeye anasema "Mama, njo ile ile," yaani ndiyo hiyo hiyo, na kazi inaendelea.

Kisha ikaja korona.

Mwanzoni karakana ilifungwa wiki chache, ikafunguliwa. Mwaka uliofuata, elfu mbili ishirini na moja, ndio uliotubana. Sisi wa magharibi na kusini magharibi mwa Sydney tuliwekewa masharti kuliko wale wa kando ya bahari. Huvuki eneo lako bila sababu, barakoa hata ukiwa peke yako barabarani, helikopta juu ya mabati. Len mapafu yake hayakuwa mazuri, akabaki nyumbani akituelekeza kwa simu. Bahati na mimi tuliingia kwa zamu, mlango ukiwa umefungwa. Viwanja vya shabaha vilifungwa. Mizigo ilikwama baharini. Rafu ya vishikio ikabaki kama duka la kijijini mwezi wa njaa.

Wateja waliagiza kwa simu. Mmoja wao alikuwa Neema.

Neema ni binti wa Morogoro, muuguzi katika hospitali ya Campbelltown. Alianza kulenga shabaha baada ya muuguzi mwenzake kumpeleka klabu siku ya wageni. Niliwahi kumuuliza mtoto wa watu anatafuta nini huko, akanijibu, "Bibi, wodini kila kitu kinalia. Mashine zinalia, simu zinalia, watu wanalia. Kule nalala chini, nina kitu kimoja tu cha kutazama." Sikumuuliza tena.

Na alikuwa hodari. Mara ya kwanza alikosa timu ya jimbo kwa pointi chache sana. Mara ya pili mashindano yalifutwa kwa sababu ya korona. Safari hii vizuizi vilipolegezwa, klabu yake ilitangaza siku moja ya mchujo, Jumamosi, na kwenye timu ilibaki nafasi moja. Alikuwa amefanya kazi miezi ile yote akiwa amejifunika plastiki kama nyama ya dukani, akirudi nyumbani kulala na kurudi tena. Nafasi ile aliitaka kuliko likizo.

Wakati wa kufungiwa alikuwa amejipima mkono peke yake, amesimama sebuleni, kwa tepe ya fundi cherehani, akatusomea vipimo kwa simu. Kwa vipimo vile alichukua kishikio kirefu cha kaboni, chepesi kama kikapu kitupu, kizuri kwa kweli, cheusi chenye kung'aa. Bunduki yake ililetwa kwetu kupitia duka lenye leseni lililo karibu naye, tukakifunga, tukairudisha kwa njia hiyo hiyo, kama sheria inavyotaka. Karatasi ilipita bila kugusa. Nani angelalamika?

Jumatano kabla ya mchujo, aliingia karakanani na barakoa yake, macho mekundu kwa zamu ya usiku, kasha la bunduki mkononi.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Umekonda."

"Bibi, bunduki hii inanichezea. Uwanja umefunguliwa, nimekwenda mara mbili. Risasi za mwanzo zinakaa pamoja kama familia. Halafu zinahama. Zote zinahama upande mmoja, kama zimeitwa."

Len alikuwa amerudi, anakaa kwenye kiti mlangoni penye hewa. Alitoa bolti, akahakikisha chumba cha risasi ni kitupu, akamwonyesha Bahati, Bahati akanionyesha mimi. Ndivyo tunavyofanya na ndivyo mtakavyofanya. Nikaibana bunduki kwenye jiliwa, nikapitisha karatasi. Ikapita mbele hadi nyuma, kulia, kushoto, chini. Len akaangalia darubini ya kulengea, skrubu zake zote zimekaza. Akauliza kuhusu risasi, ni zile zile.

"Basi ni mimi," Neema akasema. Alikaa juu ya ndoo ya rangi. "Nimechoka, ndiyo hivyo. Nitamwachia nafasi mwenye nguvu."

"Nyamaza," nikamwambia. "Zinahama lini? Baada ya nini?"

Akafikiri. "Nikishapiga za kujaribia, nakaza mkanda tundu moja."

Mkanda, kwa asiyejua: mlengaji aliyelala anajifunga mkanda kwenye mkono wa kushoto, na ncha ya pili imefungwa chini ya kishikio, mbele. Unavuta, unavuta, mpaka mkono na bunduki vinakuwa kitu kimoja. Nikaitazama ile bunduki kwenye jiliwa, imetulia, haina mkanda, haina mtu. Na hapo, wallahi, nikamsikia baba. Kwii, kwii, kwii.

Nilikwenda jikoni nikachukua mkeka wangu. Ule wa ukili ninaoukalia wakati wa chakula, kwa kuwa viti vyenu vinaniumiza mgongo. Nikautandika katikati ya karakana, nikaugeuzia upande wa ukuta wenye masanduku ya mchanga ya kuzuia risasi.

"Vua viatu, ulale."

"Hapa, Bibi?"

"Unataka Hilton? Lala. Jifunge mkanda kama Jumamosi."

Akalala. Bahati akampa bunduki, haina bolti, imeelekezwa kwenye mchanga. Neema alijifunga mkanda, na nikaona jinsi binti yule mdogo anavyobadilika akishika kazi yake. Miguu ikapanuka, mgongo ukatulia, pumzi ikashuka. Bahati akapiga magoti mbele, pembeni ya mdomo wa mtutu, akapitisha karatasi. Ikaenda kidogo. Ikasimama kama mbuzi kwenye daraja.

"Eh!" Bahati akasema. "Mama, inakataa!"

"Vuta, rudisha tena."

"Inakataa, nakuambia! Neema, legeza mkanda."

Neema akalegeza. Karatasi ikapita.

"Kaza."

Ikakwama.

Len alikuwa ameshafika, sijui alisimama saa ngapi. Aliinama na pumzi yake fupi, akashika karatasi mwenyewe. "Legeza," akasema kwa Kiingereza chake cha puani. "Kaza. Legeza." Kama watoto na swichi ya taa. Akacheka ndani ya barakoa. "Kwenye mbao niliwahi kuliona hili, zamani sana. Kwa kaboni sikulitegemea. Mwaju, ni kirefu mno na ukuta wake ni mwembamba. Mkanda unakipinda."

Tulikifungua. Bahati akamulika tochi ndani, na ndiye aliyeona: alama ndogo ya kung'aa, si kubwa kuliko punje ya mchele, mahali kaboni ilipobusu chuma. Alituonyesha mmoja mmoja. Mimi nilisahau umbali wa mita moja na nusu, nikampiga Neema begani. Mwili wangu wote ulikuwa unawaka kwa furaha. Miaka yangu yote pale, sikuwahi kuona ugonjwa ukijificha hivi halafu ukashikwa mkia.

Lakini kuupata ugonjwa si kupona. Rafuni vilibaki vishikio vitatu. Kimoja kilikuwa na zile skrubu za hereni, nikakiacha nilivyokikuta. Kimoja kilikuwa kizuri, cha urefu wa kati, ila matundu yake yalikuwa mengi kuliko alumini yenyewe. Nilikishika ncha mbili nikakisokota, nikakisikia kinakubali. Kitu kinachomkubalia bibi kizee kitamkubalia mkanda pia. Cha tatu kilikuwa kifupi, kinene, rangi ya kijivu, hakina hata pambo. Hakuna aliyewahi kukiuliza.

Neema akakitazama. "Bibi. Hili ni bomba la choo."

"Bomba la choo halipindi."

"Wenzangu wote wana vya kaboni."

"Wenzako wana mikono mirefu."

Nikamlaza tena, nikamwambia afumbe macho na aweke mkono wa kushoto pale unapotaka wenyewe kukaa. Uliangukia karibu na mwili, nyuma kabisa ya pale alipokuwa amejipima sebuleni. Mtu aliyesimama ana mkono mwingine na aliyelala ana mwingine. Kile kifupi kilimtosha kama kimeshonwa kwa ajili yake.

Tatizo likawa pete ya kukifungia, haikulingana na mwili wa bunduki yake. Bahati alishapima kabla hatujamaliza kulalamika. "Nitakereza bushi ya kujaza nafasi," akasema. "Kesho jioni iko tayari. Ila itakuwa mpya, Mama, haijapigwa hata risasi moja."

Hapo Len akakaa chini mbele ya Neema na kumwambia ukweli, kama anavyopaswa fundi. Uwanja haufunguliwi tena kabla ya Jumamosi. Akibaki na kaboni, anajua ubaya wake. Anaweza kulegeza mkanda na kulenga kwa nusu ya uwezo wake. Akichukua kipya, atakwenda kwenye mchujo na bunduki asiyoijua, darubini itabidi aipange upya kwa zile risasi chache za kujaribia, na kama tumekosea hata kidogo, hakuna mwaka mwingine karibu.

Neema alinitazama mimi. "Bibi, ungekuwa wewe?"

"Mimi si wewe. Mimi silali chini mbele ya watu."

Nje treni ya kwenda Penrith ilipita. Kisha akalisukuma kasha lake tupu kwa Bahati, bunduki ibaki. "Fungeni bomba la choo."

Bahati alikereza ile bushi mara mbili, ya kwanza hakuipenda. Len alikaza nati kwa spana ya kupima nguvu, polepole, kwa zamu, kulia na kushoto. Mimi nilisugua kingo zote mpaka mgongo wa kidole ukanyamaza. Alhamisi jioni Neema alirudi, akalala mkekani, akakaza mkanda tundu la mwisho, na karatasi ikapita kama maji. Akamwambia Bahati akaze zaidi kwa mkono wake. Bahati akavuta kama anafunga mzigo juu ya lori. Ikapita.

Jumamosi mwanangu alinipeleka. Sikuwahi kwenda uwanjani hata siku moja, mimi kazi yangu ilikuwa ikiishia mlangoni. Tulikaa nyuma ya mstari, nimevaa barakoa na vile vifuniko vya masikio, nimefanana na rubani mgonjwa. Len alikuja na kiti chake. Bahati alikuwa amebana mikono mapajani kama yuko kanisani.

Kila mlengaji ana skrini ndogo pembeni, inaonyesha risasi imetua wapi. Ya Neema niliiona vizuri. Risasi za kujaribia zilitua nje, mbali. Moyo wangu ukashuka hadi kwenye soksi. Akageuza vifundo vya darubini, akapiga, ikasogea. Akageuza tena kidogo, ikaingia kati. Kisha akafanya kile nilichokuwa nakiogopa. Akashusha mkono, akakaza mkanda tundu moja.

Bahati akanishika kiwiko.

Risasi ya kwanza ya kuhesabiwa, katikati. Ya pili, kando yake. Upepo ukapiga vibendera, risasi za wengine zikaanza kutawanyika, na mwanamume wa jirani yake, mwenye kishikio cha kaboni kirefu, aliguna. Neema akasubiri. Akapiga. Katikati. Mtutu ulikuwa umeshapata moto, nauona mvuke wa joto ukicheza mbele ya darubini, na mkanda umekazwa vile vile kama siku zile familia ilipohama. Haikuhama. Nawaambia haikuhama! Ya mwisho ilitua juu ya ya kwanza, kwenye skrini ikawa doa moja badala ya mawili.

Msimamizi alipotangaza bunduki zote zimefunguliwa na kuhakikiwa, kisha akasoma jina la aliyechukua ile nafasi, nilivua barakoa nikapiga kigelegele. Sikuwa nimepiga tangu harusi ya mwanangu. Uwanja mzima uligeuka. Msimamizi akauliza kama kuna aliyeumia. Len akamjibu, "Hapana, huyo ni fundi wangu."

Neema alikuja mbio bila viatu, bunduki ameiacha salama mahali pake, akanikumbatia, na masharti ya korona mtanisamehe. Nyuma yake alikuja yule jirani wa kaboni, mpole, akisugua shingo.

"Samahani," akamuuliza Neema. "Hicho kishikio umekipata wapi?"

"Hili bomba la choo?" Neema akasema. "Muulize Bibi yangu."

Nilimwambia aje Jumatatu, na soksi safi.

Ile ndiyo ilikuwa kazi yangu ya mwisho kubwa. Mwaka haukuisha nikavua aproni, magoti yalikuwa yameshaanza kupiga kelele za baiskeli. Len alitaka kunipa saa, nikakataa, nina simu. Nilichukua ile sumaku ya siku ya kwanza. Naitumia uani Penrith kuokota misumari ya wajukuu.

Mkeka nimewaachia. Uko umekunjwa nyuma ya mlango wa jikoni. Mteja yeyote anayetaka kishikio, hata akiwa amevaa suti, hata akisema ana haraka, hata akikusomea vipimo vyake kwa simu, anavua viatu na kulala kwanza. Na Bahati, nimesikia kuna mtu aliukanyaga na buti lenye grisi. Sitaji jina. Anajijua, na ufagio bado upo.